Mwaka Tuliolifunika Gari kwa Majani ya Migomba

Gari lililotumwa kunichukua Himo kwenda kwenye msiba wa Bi Tatu lilikuwa jeupe na safi, na aliyeliendesha ni mjukuu wake, Hamisi, kijana mwenye adabu. Alinishikia mlango. Kabla sijaingia nilipitisha kidole juu ya gurudumu la nyuma, kwenye ukingo wa bati, nikakuta kipele. Kidogo tu, kama punje ya ulezi. Nikakibonyeza kwa ukucha, kikabonyea.

"Shikamoo, Bibi. Umeona nini?"

"Marahaba. Gari lako lina kutu."

"Hiyo ni rangi tu imevimba, Bibi. Jumamosi nitapuliza ya kopo, haitaonekana."

"Haitaonekana kwako," nikamwambia, nikaingia, nikapakata kikapu changu. Alitaka kukiweka nyuma, nikakataa. Akauliza kama nimebeba ndizi. Nikasema si ndizi. Hakuuliza tena, na njia nzima hadi Moshi tulizungumza habari za mvua.

Watu wa umri wangu wakianza kusema habari zao huanza na ukoo, nani alimzaa nani na shamba lilipatikanaje. Mimi sitafanya hivyo. Waliozaliwa wamezaliwa. Nataka kusema habari za mwaka mmoja, ule wa kwanza wa ndoa yangu, Mwingereza akiwa bado anatawala, kahawa ilipopanda bei mpaka wazee waliokuwa wakitembea kwa miguu wakaanza kuulizana habari za petroli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Madarasa nilikuwa nimesoma mawili, la tatu sikulimaliza. Lakini nilikuwa nimekaa miaka miwili Majengo, mjini Moshi, nikimlea mtoto wa Bi Tatu, na mume wake, Fundi Salum, alikuwa fundi wa rangi za magari. Mchana alifanya kazi kwenye gereji ya mjini. Jioni na siku za mapumziko alifanya kazi zake mwenyewe uani, chini ya kibanda cha bati, kwa watu wenye magari ya zamani wasiotaka mambo makubwa. Mtoto akiwa mgongoni kwangu, mimi ndiye niliyeshika kitambaa na kubadilisha maji ya kulowekea msasa.

Uani kwa Bi Tatu palikuwa na harufu tatu: tangawizi ya chai, chapati, na mafuta ya taa. Nikizipata zote pamoja hata leo, huwa nasimama. Fundi Salum alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vyeusi kwenye kucha, na maneno yake yote yalihusu kutu. Alisema kutu haikai pale unapoiona. Inatembea chini ya rangi kama mchwa chini ya mkeka. Unapoona kipele kimoja, ujue imeshapita. Kwa hiyo ukikwangua, kwangua mpaka uifikie rangi nzima iliyoshika, halafu ongeza upana wa kidole. Kwangua mpaka chuma kicheke, king'ae. Kikisha kucheka usikiguse kwa mkono, mkono una mafuta. Kifute kwa kitambaa chenye petroli, kipake rangi ya chini siku hiyo hiyo, kisilale uchi. Ikikauka, piga msasa wa maji, mwembamba, pembeni mpaka pasiwe na ngazi. Halafu rangi yenyewe, nyepesi nyepesi, mara tatu, nne. Mwisho alikuwa akiniita: "Njoo, binti wa mlimani. Fumba macho. Pitisha kidole. Kipele kilikuwa wapi?" Nikikionyesha, alianza upya. Nisipokijua, alisema, "Basi," akaenda kunawa. Vidole vyake mwenyewe vilikuwa vimekufa ganzi kwa sababu ya dawa na msasa, ndiyo maana alitumia vyangu. Sikuona kama nafundishwa kitu. Niliona ni mchezo wa mtu mzima.

Nikaolewa, nikapanda mlimani kwetu Marangu, kwa wakwe. Mume wangu, Elinami, alikuwa kazini Tanga, akirudi mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mwaka ule nilikaa zaidi na baba mkwe na mama mkwe kuliko na yeye. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa kusikilizwa kwenye mizani ya kahawa. Akisema mbegu fulani ni mbovu, watu wanaitupa. Mwezi wa kumi na mbili, baada ya malipo ya kahawa, alishuka Moshi kwa miguu akarudi ameketi ndani ya gari, dogo, la kijani, alilouziwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Sanya Juu aliyekuwa anarudi kwao. Kijiji kizima kililipokea. Mama mkwe alilizunguka mara mbili, akasema, "Haya. Nimeletewa mke mwenza." Tangu siku hiyo hakuliita jina lingine. Mzee wa kanisa ana mke mmoja, kila mtu anajua, kwa hiyo watu walicheka, naye baba mkwe akakohoa.

Gari lilijengewa kibanda cha nyasi ubavuni mwa zizi, ukuta mmoja na ng'ombe, maana ndipo mahali penye joto na pasipopigwa na upepo. Na baba mkwe akatoa amri. Kila jioni gari lifunikwe majani makavu ya migomba, tabaka mbili, kama tunavyofunika ndizi za pombe ziive. "Kitu cha thamani hufunikwa," alisema. Kazi hiyo ikawa ya mkamwana, ndiye mimi. Jioni nilikuwa nikivuna majani makavu, nayapanga juu ya gari kuanzia mbele hadi nyuma, nalifunga kwa kamba za mgomba. Asubuhi nayaondoa. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi. Majani yale tunalalia, tunafunikia, tunaezekea, tunamlazia ng'ombe. Yangemdhuru nani? Gari likawa linanukia kama ndizi zinazoanza kuiva, na mama mkwe alipita asubuhi akauliza, "Mke mwenzangu ameamka? Mmemkanda kwa maji ya moto?"

Kabla ya masika kuanza, asubuhi moja nikitoa majani, kidole changu kilipita kwenye kona ya boneti kikasimama. Niliona vipele vitano. Viwili kwenye boneti, kimoja juu ya mlango, viwili chini ya kioo. Nikavibonyeza. Nilijua.

Lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunazungumza nyumbani mle, la sivyo hamtaelewa yaliyofuata. Bibi arusi wa kwetu hasemi na baba mkwe uso kwa uso. Hapiti mbele yake, hali mbele yake, na neno lake humfikia kwa kinywa cha mama mkwe, hata kama baba mkwe ameketi hatua tatu kutoka hapo na masikio yake ni mazima. Nilimkuta mama mkwe jikoni anaponda kiburu, ndizi na maharage.

"Mama, naomba umwambie Baba gari lina vipele."

Mama mkwe hakugeuka. "Baba Elinami, mkamwana anasema mke mwenzangu ana vipele."

Sauti ikatoka barazani. "Mwambie gari si mtoto. Halipati surua."

"Anasema si mtoto."

"Nimesikia, Mama. Mwambie ni kutu. Iko chini ya rangi, inakula bati. Ikiachwa mpaka masika yaishe patakuwa na tundu."

"Anasema mke mwenzangu anaoza." Alionja kiburu, akaongeza chumvi. "Haya maneno mwaka wangu wa kwanza nisingeyasema, lakini mabibi arusi wa siku hizi wamekaa mjini."

Kisha baba mkwe akasema, "Muulize nani anatibu."

Ndivyo tulivyoshuka Moshi siku ya Jumamosi, baba mkwe akiendesha, mama mkwe mbele, mimi nyuma na mkungu wa ndizi kwa ajili ya Bi Tatu. Fundi Salum alilizunguka gari akiwa na kikombe cha chai mkononi. Alibonyeza vipele vyote vitano, akakuta na cha sita ambacho sikukiona. Akasema haya ni madogo, hayahitaji gereji, mfanye nyumbani, binti anajua. Alitukatia msasa wa aina mbili, akatupa kopo la rangi ya chini, akakaa nusu saa akichanganya rangi ya kijani kwenye kopo dogo, akipaka tone kwenye mlango na kulifuta, mpaka tone lilipopotea lisionekane. Baba mkwe alipendezwa na kazi ile, niliona kwa jinsi alivyosimama. Kisha Fundi Salum akafuta mikono akauliza neno moja.

"Gari linalala wapi, Mzee?"

"Pakavu," baba mkwe akasema. "Na hufunikwa kila siku."

"Vizuri," Fundi Salum akasema. Aliliona turubai kichwani mwake. Angeonaje kitu kingine?

Mimi nilisimama hapo nimeshika kopo. Nilikuwa nimeishi uani pale miaka miwili, nikasikia mara mia kwamba kitambaa kibichi juu ya bati ni adui kuliko mvua yenyewe, maana mvua hunyesha ikaenda zake. Na nilijua majani yale asubuhi hutoka yamelowa upande wa ndani, yana jasho. Nilikuwa na vitu vyote viwili kichwani, na nikaona vikigusana. Bi Tatu alikuwa ameketi mlangoni anachagua mchele, akainua macho akanitazama, kwa sababu alinijua ninapotaka kusema. Sikusema. Ningesema, ningekuwa nimemwambia baba mkwe mbele ya mtu baki kwamba heshima aliyolipa gari lake ndiyo inayoliua. Nikatazama kopo. Leo nikiulizwa, sisemi niliogopa, wala sisemi nilikuwa mtoto. Nilinyamaza, basi.

Kazi niliifanya siku tatu za jua, nyuma ya nyumba. Baba mkwe aliketi kwenye kigoda mbali kidogo, amenipa mgongo nusu, akijifanya anachambua mbegu za maharage. Nilikwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi, kisha msasa. Kipele cha ukubwa wa ulezi kilipofunguka kikawa cha ukubwa wa jicho la ng'ombe, na chini yake bati lilikuwa na rangi ya ugoro. Mama mkwe alipita na maji akachungulia. "Kumbe mwenzangu uzuri wake ni wa juu juu," akasema. Nikakwangua mpaka chuma kikacheka. Nikapaka rangi ya chini, nikapiga msasa wa maji, nikapaka kijani mara nne. Siku ya nne baba mkwe alikuja mwenyewe. Alivua kofia. Akafumba macho kama nilivyomwambia mama mkwe amwambie, akapitisha kidole kwenye boneti nzima, polepole, kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Akafumbua.

"Mwambie," alimwambia mkewe, "sijakiona."

Nilifurahi siku ile. Na jioni nililifunika tena majani, tabaka mbili, nikalifunga kamba.

Masika yalinyesha. Mwezi wa sita ukungu ukashuka ukakaa kwenye migomba wiki nzima. Ukungu ulipopanda, vipele vilikuwa kumi na saba. Vile vya kwanza vilikuwa vimerudi pembeni mwa nilipopaka, na vingine vipya paani, mahali ambapo majani yalilala mazito. Baba mkwe hakunilaumu mimi. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu. Alikuwa ameniona nikifanya kazi kwa macho yake, akapapasa kwa kidole chake, kwa hiyo aliona kosa lazima liwe ndani ya kopo. Msimu wa kahawa ulipoanza, wenye malori na wenye magari ya zamani walikutana kwenye mizani kila wiki, na baba mkwe aliwaonyesha boneti. "Fundi wa Majengo alinipa rangi ya uongo," alisema. Hakupaza sauti. Hakuwa na haja. Kama nilivyosema, alikuwa mtu wa kusikilizwa.

Niliyasikia hayo jikoni, nikimenya ndizi za mtori, mama mkwe akizungumza dirishani na jirani. Jirani alisema mwenye lori wa Kilema ameondoa lori lake uani kwa Fundi Salum, amelipeleka kwingine. Na mwingine wa Mwika naye. "Watu wa mjini," jirani akasema, "wanajua kutuona washamba." Mama mkwe alinitazama mikono. Nilikuwa nimemenya ndizi moja mara mbili, nimebaki na kijiti.

Mwezi wa tisa nilikuwa soko la Himo nauza ndizi, nikamwona Bi Tatu anakuja katikati ya watu na kikapu kichwani. Nilishtuka, kwa sababu Bi Tatu zamani hakuhitaji kufika Himo. Wenye malori waliomletea mumewe kazi walimshushia ndizi mlangoni. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa juu ya gunia langu kama alivyokuwa akikaa kitandani kwangu nilipougua, akashika mkungu akaupima kwa mkono.

"Mwanangu," akasema, "rangi yetu ina nini?"

"Sijui, Mama."

"Fundi hali vizuri. Anafungua kopo lile lile kila siku, ananusa, anapaka kwenye bati, anangoja. Anasema labda amezeeka. Anasema labda amesahau kuchanganya." Akaniangalia. "Wewe uliipaka. Ulikosea mahali?"

"Sikukosea."

"Basi ni rangi."

"Sijui, Mama," nikasema tena.

Alinunua mkungu mmoja. Nilitaka kumpa bure, akakataa, akasema, "Ndizi si msamaha, mwanangu," akaenda zake. Hakusema kwa ukali. Nimelikumbuka neno lile kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia, na mahubiri nimesikia mengi.

Nilipokuwa napanda mlima kurudi nyumbani nilifikiri namna ya kusema bila kusema. Kumtuma mama mkwe sikuweza. Neno kama lile huwezi kumpa mtu akubebee. Vuli ilikuwa inaanza. Nilichukua vifuniko viwili vya makopo ya samli, nikavikwangua vyote mpaka vikacheka, nikavipaka rangi ya Fundi Salum kutoka kopo lile lile, chini na juu, siku moja. Vilipokauka nikavichora vyote mstari mmoja kwa msumari, maana gari nalo huchubuliwa na matawi. Kimoja nikakitundika chini ya ukingo wa paa la ghala la kahawa, mahali mvua haifiki na upepo unapita. Kingine nikakiweka kibandani karibu na zizi, nikakifunika majani makavu, tabaka mbili, nikakifunga kamba. Nilikifunika na kukifunua kila siku kama gari. Mama mkwe alinikuta asubuhi moja.

"Mkamwana, sasa unalea kifuniko?"

"Ndiyo, Mama."

Alisimama kidogo. Alitazama kifuniko, akatazama gari, akatazama majani mkononi mwangu. Mama mkwe hakuwahi kuingia darasa lolote, lakini hakuwa mjinga. "Mimi sijaona kitu," akasema, akaenda kukamua.

Wiki saba zilipita. Jumapili moja, kabla ya kwenda kanisani, niliviweka vyote viwili kwenye kibao cha gari ambapo baba mkwe hukanyaga anapoingia. Kile cha ghalani kilikuwa kijani, na mstari wake mwembamba kama uzi. Kile cha kibandani kilikuwa kimevimba kuanzia kwenye mstari, rangi imejikunja kama ngozi ya maziwa, chini yake ugoro mtupu, na jani moja lilikuwa bado limeganda juu yake. Nililiacha. Nikaenda kusimama nyuma ya mama mkwe na kitabu changu cha nyimbo.

Baba mkwe aliinua mguu, akaushusha. Aliinama, akaviokota. Akang'oa lile jani. Alisimama hapo muda ambao kengele ya kanisa ililia yote ikaisha. Mama mkwe alikuwa anatazama juu kwenye migomba kana kwamba anahesabu mikungu. Kisha baba mkwe akavitia vyote viwili kwenye mfuko wa koti, akaingia kwenye gari, tukaenda. Jioni nilipoyashika majani, sauti ilitoka barazani: "Mwambie aache." Mama mkwe alisema, "Anasema uache." Nikaacha. Kesho yake alimwita jirani, wakabomoa kibanda, wakajenga kingine mbele, mbali na zizi, chenye paa na nguzo tu.

Siku ya mizani alikwenda na koti lile lile, ingawa jua lilikuwa kali. Jirani alitusimulia. Alisema aliviweka vifuniko mezani mbele ya wenye malori, akawaambia rangi ni moja, kopo ni moja. Akagusa kile kilichooza. "Hiki nilikifunika mimi," akasema. Jirani alitaka kujua mzee alikuwa na maana gani, mama mkwe akamwambia kama amemaliza chai amrudishie kikombe.

Wiki ile ile tulishuka tena Moshi. Asubuhi, kabla ya kuondoka, nilimwona baba mkwe akienda mpakani mwa shamba na kisu, akakata ncha moja ya isale, na majani yake, akalichomeka mbele ya gari, chini ya fito ya kufutia kioo. Kwa asiyejua: isale kwetu tunalipanda mipakani, na ukimkosea mtu, unamletea isale. Huna haja ya maneno mengi. Aliyeletewa hawezi kukufukuza, lazima akusikie. Mzee huweza kumpelekea mzee mwenzake. Sikuwahi kuona mzee akimpelekea fundi wa mjini, Mwislamu, asiye wa ukoo wala wa kanisa. Njia nzima mama mkwe hakufanya utani hata mmoja.

Tuliingia uani Majengo saa nne. Baba mkwe akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya gari, mikono imeshuka. Fundi Salum akatoka kibandani. Alikuwa amekonda. Akamwamkia vizuri, akaitazama boneti, uso ukakunjamana. Akaliona lile isale. Akadhani ni jani lililoangukia kioo njiani mlimani. Akalichomoa, akalishika kama ufagio, akapangusa nalo vumbi kwenye boneti, fya, fya, ili avione vipele vizuri. Kisha akalitupa chini kwenye chombo cha maji machafu ya msasa.

Niliona shingo ya baba mkwe. Haikuyumba, lakini ilibadilika rangi. Mtu huyu alikuwa amejishusha kuliko siku zote za maisha yake, na kushuka kwake kulikuwa kumepangusiwa vumbi. Mama mkwe alifumba macho. Hapakuwa na wa kunisemea.

"Fundi," nikasema, "hilo usilitupe."

Wote wakageuka. Sikuwa nimewahi kutoa sauti mbele ya baba mkwe. Nikamwambia Fundi Salum isale ni nini. Nikamwambia limeletwa na nani. Nikamwambia rangi yake haikuwa na kosa, na hakuzeeka, na hakusahau kuchanganya. Gari lilikuwa linafunikwa majani ya migomba karibu na zizi, na aliyekuwa analifunika ni mimi. Nilisema nikitazama magurudumu.

Fundi Salum alichutama, akatia mkono kwenye maji machafu, akalitoa isale. Akalikung'uta. Hakujua alishike vipi, akalishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa mwingine. "Mzee," akasema, "mimi ni mtu wa kopo na brashi. Ungeniambia tu, ningekuelewa."

"Kwetu hatuambii," baba mkwe akasema. Kisha akageuka, akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza. "Au hatukuwa tunaambia."

Bi Tatu ndiye aliyelichukua. Yeye katika usichana wake alikuwa akipanda mlimani kununua ndizi, na alilijua isale vizuri. Nadhani alilitambua tangu gari lilipoingia, akangoja aone nani atafungua mdomo. Wanaume walipoinama pamoja juu ya boneti, aliniita nyuma ya nyumba. Akachimba kwa mwiko kando ya ukuta wa choo, mahali maji ya kunawia hupita, akalichomeka, akalikandamiza udongo kwa kisigino.

"Linashika?" akaniuliza.

"Linashika popote."

Akajipangusa mikono. "Hili ni la baba mkwe wako," akasema. "La kwako utaleta lini?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania, au nilitaka iwe hivyo. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni siku ile akichagua mchele, aliniona nikitazama kopo. Akaniambia twende, chapati zinapoa.

Urafiki wetu uliendelea. Gari liliishi miaka mingi, na vipele vyake tulivitibu nyumbani, baba mkwe akikwangua, mimi nikipaka, tukisemeshana kwa maneno machache. Wenye malori walirudi uani kwa Fundi Salum, na alikufa akiwa na jina lake. Bi Tatu alikuja kunipongeza kila nilipojifungua. Nami kila niliposhuka Moshi nilipeleka ndizi, maziwa, kahawa ya kukaanga. Isale sikupeleka. Mwanzoni niliona aibu, baadaye niliona limepita, baadaye tena niliona sisi ni wazee, tutachekwa. Ni rahisi sana kuliacha jambo dogo chini ya rangi nzuri. Yeye hakulitaja tena. Neno lile alilisema mara moja.

Msibani nilikaa na wanawake mpaka dua ikaisha. Kisha nikamwambia Hamisi alete jembe tuende nyuma. Isale lile la zamani limekuwa kichaka, limeuzidi urefu ukuta, na choo kimehamishwa. Nikafungua kikapu, nikafungua jani la mgomba, nikatoa nililolikata asubuhi mpakani kwetu.

"Bibi, mbona lipo tayari hapo?" Hamisi akasema. "Maua haya yamejaa."

"Hilo ni la baba mkwe wangu."

Alichimba nilipomwonyesha. Nililichomeka mwenyewe, nikalikandamiza kwa kisigino, nikimshika bega nisianguke.

"Na hili ni la nani?"

"Hili limechelewa," nikamwambia. "Lete maji. Halafu utafute kisu na msasa, tukaone gari lako."